Jeneza la Kuvukia Barabara

Barabara yetu ilipokuwa mbovu, tulikuwa salama. Ilikuwa na mashimo tuliyoyaita kwa majina ya watu walioangukia humo, na mchanga wa kumeza gurudumu, na wakati wa masika maji yalituama katikati yake mpaka bata wakahamia. Gari likipita lilipita kwa adabu. Dereva alishusha kioo, akasalimia kushoto na kulia, akaulizwa habari za vijiji vya njiani, Mbau na Quiterajo, akajibu zote, na bado alikuwa hajafika mwisho wa mtaa.

Kisha tukaletewa maendeleo. Tuliporudi kutoka ukimbizini tulikofukuziwa na vita, baada ya miaka ya kulala kwenye mahema na barazani kwa watu, tulikuta nyumba zetu nyingi hazina mapaa lakini barabara ina lami. Ilikuwa imenyooshwa na kupanuliwa ili malori yanayokwenda kwenye kazi za gesi huko kaskazini yasichelewe. Hayakuchelewa. Yalipita mtaani kwetu kwa kasi ya kung'oa nguo kwenye kamba, na nyuma yake zikafuata mota, pikipiki za vijana ambao, kwa kuwa hawana lori, walijitahidi kulifikia lori.

Upande wetu wa barabara tuna nyumba, msikiti na visima viwili. Upande wa pili kuna soko, shule, kituo cha afya na makaburi. Kwa hiyo kila mwenye haja alilazimika kuvuka: mwenye njaa, mwanafunzi, mgonjwa na maiti. Aliyechora ramani ya lami ile hakuwa na haja yoyote mtaani kwetu.

Niliishi na shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu sijaota meno. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa ulimi, mwenye desturi ya kusema kweli mahali ambapo uongo kidogo ungefaa zaidi. Siku moja anarudi kutoka sokoni na kapu lake, mota ikamgonga ukingoni mwa lami na haikusimama hata kuomba radhi. Mfupa haukuvunjika, ila ngozi ya muundi ilichanika vibaya, na kwa kuwa shangazi alikuwa na ugonjwa wa sukari, kidonda kile kiligoma kupona. Nesi wa kituo cha afya alisema wazi: kidonda kioshwe na kufungwa upya bila kukosa, la sivyo mguu utakwenda. Kituo chenyewe tulikiona kutoka barazani kwetu. Tuliona mpaka rangi ya pazia la dirishani.

Shangazi alikuwa akishuka asubuhi na mkongojo wake, anasimama ukingoni, anangoja. Malori yanapita, mota zinapita, magari ya askari yanapita. Anainua mkono kuomba njia, madereva wanampungia. Mara nyingine alisimama mpaka jua likawa kali, nesi akafunga dirisha, naye akarudi nyumbani na kitambaa kilekile cha juzi mguuni. Kupanda mota za abiria hakutaka hata kusikia, na mimi sikumlaumu. Nesi alijaribu kuja kwetu mwenyewe kwa hiari yake, akaja mara mbili, kisha akasema samahani, naye ana watoto, anaogopa kuvuka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mjini kwetu mwalimu ndiye anayetumwa kuzungumza na serikali kwa kuwa anadhaniwa anajua Kireno cha kutosha kukataliwa vizuri. Tulianza na sekretario wa mtaa. Yeye alisema jambo hili ni kubwa kuliko yeye, na kwa kweli hatukuwahi kuona jambo dogo kuliko yeye. Akatupeleka mbele, na mbele wakatupeleka pembeni, na hatimaye prezidente mwenyewe wa munisipio, yaani meya wa mji wetu, akaja kufanya mkutano uwanjani, na viti vya plastiki vya wageni, na maji ya chupa ya wageni, na jua letu sisi.

Prezidente wetu ni mtu wa tabasamu. Salamu yake na kwaheri yake ni neno lile lile la Kireno, estamos juntos, tuko pamoja, na mara nyingi hulisema akiwa ndani ya gari huku kioo kikipanda. Siku ile tulimwambia tunataka usalama. Akasimama, akavishukuru vikosi vya ulinzi, akasema mji sasa uko salama, watu wamerudi, watu wanalala usingizi. Mzee mmoja akamwambia kwamba kulala tunalala vizuri, tunagongwa tukiwa macho. Wageni wakacheka, wakapiga makofi, wakadhani ni sehemu ya burudani. Tukaeleza kwamba tunataka tuta moja tu, pale mbele ya msikiti, udongo na mawe tuko tayari kubeba wenyewe. Akasema tuta ni kazi ya wataalamu na wananchi hawaruhusiwi kugusa lami, kwa sababu lami ni mali ya wananchi.

Wataalamu walikuja kweli. Walipima barabara kwa kamba, wakala wali kwa sekretario, na wiki zilizofuata wakachora mistari myeupe ya kuvukia waendao kwa miguu. Walichora vizuri, sina la kuwasingizia. Nilimweleza shangazi kwamba sheria inasema mtu akisimama kwenye mistari ile, gari lazima lisimame. Akaenda akasimama. Lori likapita karibu naye kiasi cha kumtoa upande mmoja wa kapulana yake, kitenge alichojifunga. Aliporudi aliniuliza kama mistari ile imeandikwa kwa Kireno. Nikasema mistari haina lugha. Akasema basi ndiyo maana haijasikika.

Habari ya jeneza haikuanza kwa ujanja. Ilianza kwa sababu mguu ulivimba, shangazi akashindwa kutembea, na tulihitaji kitu cha kumbebea. Msikiti wetu ulikuwa umepata jeneza jipya la aluminiamu kutoka kwa mfanyabiashara mmoja mwenye kutafuta thawabu, na lile la zamani la mbao lilikuwa limeegeshwa nyuma ya birika la kutawadhia, kuku wanalilalia. Jirani yetu seremala, Mmakonde wa kutoka bara, Mkristo mwenye mkono mzuri, alilitazama akasema mbao zake ni za mninga na ni dhambi kuziachia kuku. Alilipigilia misumari, akabadilisha mti mmoja wa kubebea. Mimi nikaenda kwa shehe kuomba ruhusa.

Shehe akasema jeneza ni mbao, na mgonjwa ni mgonjwa, haoni kizuizi. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba njiani tusisome chochote kinachosomwa kwa maiti, maana huo utakuwa uongo. Tukinyamaza, hatujasema kitu.

Basi tukanyamaza. Shangazi alilala juu ya jeneza, na kwa kuwa alikuwa na haya ya kuonekana na mtaa mzima amebebwa miguu juu, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, alijifunika kapulana kutoka utosini mpaka vidoleni. Tulikuwa wanaume wanne chini yake na wengine nyuma wa kupokezana. Tulifika ukingoni mwa lami, tukajiandaa kungoja kama kawaida.

Lori la kwanza likasimama. Lilisimama kwa mlio wa breki uliotutisha. Nyuma yake likasimama la pili, na upande wa pili mota zikasimama, na wale vijana wa mota wakazima injini na kuvua kofia. Dereva mmoja wa kutoka kusini, mtu wa misuli na miwani ya jua, alishuka, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Tukavuka katikati ya ukimya ambao barabara ile haikuwahi kuwa nao tangu itiwe lami. Tulipofika upande wa pili, seremala aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeona nilichokiona. Chini ya kapulana shangazi naye akauliza mbona kumenyamaza hivyo, kuna nani amekufa.

Tungeweza kuwaeleza madereva. Lakini ungekuwa wewe, ungewaeleza? Tangu siku hiyo shangazi hakukosa kuoshwa kidonda chake. Tulimvusha akienda, tukamvusha akirudi, kimya, na magari yakasimama kama watoto wa madrasa. Kidonda kikaanza kukauka pembezoni. Nesi alifurahi, akauliza siku hizi anavukaje, tukamwambia kwa uwezo wa Mungu.

Mtaa haukuchelewa kugundua faida. Wanawake wenye ndoo, wanafunzi wangu, wauza samaki wenye makarai kichwani, wote wakawa wanangoja shangazi atoke ili wavuke nyuma yake. Nilisikia mama mmoja akimuuliza mwenzake kisimani, bibi anazikwa saa ngapi leo. Shule yetu haikuwahi kuwa na mahudhurio mazuri namna ile. Shangazi mwenyewe alianza kuona cheo. Alitaka kapulana mpya ya kujifunikia, akasema huwezi kusimamisha malori ya watu na nguo iliyochujuka.

Ndipo siku moja akatukuta prezidente. Alikuwa anatoka kufungua bomba la maji, ambalo lilitoa maji siku hiyo aliyolifungua. Magari yake yalikuja kwa kasi yao ya kawaida, yakaona jeneza, yakasimama. Prezidente akashuka. Nyuma yake akashuka mpiga picha. Kabla hatujajua la kufanya, alikuwa amevua kofia, amemsogeza seremala pembeni, na ameingiza bega lake la suti chini ya mti wa mbele.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini hatukumwambia palepale. Kwetu mkubwa haambiwi mbele ya watu kwamba amekosea. Unatulia, unangoja agundue mwenyewe, na ukiwa na bahati utakuwa umekwenda zako. Tulitazamana. Shehe, ambaye siku hiyo kwa bahati mbaya alikuwa amefuatana nasi kununua dawa ya kikohozi, alianza kukohoa sana. Prezidente akadhani ni kilio, akampigapiga begani kwa mkono uliokuwa wazi.

Tukavuka. Upande wa pili sisi tulikuwa tunakata kulia, kituo cha afya. Prezidente, mtu aliyezoea kuongoza, akakata kushoto, makaburini, na jeneza likafuata bega lake. Kundi likakua. Wauza samaki walioweka makarai yao chini wakajiunga, wengine wakijua na wakibana vicheko, wengine hawajui na wanafuta macho. Karibu na ukuta wa makaburi alisimamisha msafara, akasema angependa kuzungumza machache, huku bega lake likiwa bado chini ya mti ili picha itoke vizuri.

Alisema tumempoteza mama wa mfano. Alisema marehemu alikuwa mpenda amani, mpenda maendeleo, mtu aliyeunga mkono juhudi za munisipio tangu mwanzo. Hapo niliona kapulana inatikisika kidogo upande wa kichwani. Alisema munisipio haitamsahau mama huyu, na mlango wa ofisi yake uko wazi kwa familia yake, usiku na mchana.

Kapulana ikafunuka.

“Mwanangu,” shangazi akasema, bado amelala chali, akiangalia mbingu, “mie sitaki mlango. Nnataka tuta.”

Prezidente aliachia mti. Jeneza likainama upande wake, shangazi akateleza, na katika kutafuta pa kushika akashika tai ya prezidente. Kwa muda wote wawili walining'inia hivyo, kiongozi na mwananchi, karibu zaidi kuliko mkutano wowote uliowahi kufanyika mjini kwetu. Mpiga picha, aliyekuwa amekimbia, alirudi akiwa amechelewa.

Nikiri kwamba prezidente alijikusanya haraka. Walimfundisha kazi huko walikomfundisha. Alimsaidia shangazi kukaa, akanyoosha tai, akacheka mpaka watu wakacheka, akatangaza mbele ya wote kwamba tuta litakuja wiki hiyohiyo. “Mama,” akamwambia, “estamos juntos.” Shangazi akamwambia kama ni hivyo basi akae hapo amngoje, wavuke pamoja wakati wa kurudi. Akasema ana kikao.

Tuta halikuja wiki ile. Kilichokuja ni mota yenye kipaza sauti, ikapita mtaa kwa mtaa kutangaza kwamba munisipio imepiga marufuku kubeba watu walio hai kwenye majeneza, kwa kuwa ni kuzuia magari, kudhihaki wafu na kudharau mamlaka. Siku iliyofuata akaletwa askari wa munisipio akae mbele ya msikiti, palepale tulipoomba tuta. Munisipio iliyokosa udongo ikapata sare, kiti, mwavuli na filimbi. Kazi ya askari ilikuwa kuhakikisha kwamba kila jeneza linalovuka lina maiti. Malori yalipompitia karibu, alivuta kiti nyuma.

Alikuwa kijana mwenye adabu, nisimwonee. Alikula kwetu mara nyingi, na shangazi alimpakulia minofu. Lakini jeneza lilirudi nyuma ya birika, kuku wakarudi juu yake, na sisi tukarudi kumbeba shangazi kwenye kitanda cha kamba. Hakuna lori linalosimama kwa ajili ya kitanda. Tulisimama ukingoni na mzigo wetu, mabega yakifa ganzi, askari akipuliza filimbi yake kwa upande wetu kila tulipotia mguu kwenye lami, kwa usalama wetu. Siku tatu tulirudi, siku moja tukavuka. Kidonda kilichokuwa kimekauka pembezoni kikafunguka tena, kikaanza kunuka, na shangazi ambaye hakuwahi kukubali mgeni aone uchafu nyumbani kwake akawa anafukiza udi kutwa nzima.

Nilikwenda munisipio. Nilikaa kwenye benchi nikaambiwa prezidente yuko safarini, nikaambiwa yuko kikaoni, nikaambiwa tuta liko kwenye mpango. Wakati natoka niliona tuta jipya, zuri, limepakwa rangi nyeupe na nyeusi, mbele ya geti la munisipio, ambako hakuna anayevuka isipokuwa mbuzi wa mlinzi.

Baadaye tulipata gari la kumpeleka shangazi hospitali kubwa mjini Pemba, makao makuu ya jimbo letu. Daktari alisema tumechelewa, mguu ukatwe. Shangazi aliniita karibu na mto wake. “Wa miguu miwili nimeshindwa kuvuka,” akaniambia. “Wa mmoja ntavuka vipi? Nrejeshe kwetu.”

Nikamrejesha. Nilimbembeleza njia nzima akubali kukatwa, nikalia mbele yake mtu mzima mimi, akanifuta uso na ncha ya kapulana kama alivyonifanyia nikiwa mdogo, na hakubadili neno. Homa ilimchukua baada ya muda si mrefu, asubuhi, mkono wake kwenye mkono wangu.

Wanawake walimwosha, tukamsalia, tukamweka kwenye jeneza la aluminiamu. Mimi nilikuwa kwenye mti wa mbele kulia, seremala kushoto kwangu. Safari hii shehe alisoma, na sisi tuliitikia kwa sauti zote tulizokuwa nazo, tahalili ya mtaa mzima, hakuna aliyeweza kusema hakusikia. Tulifika ukingoni. Lori lililokuwa linakuja likasimama, na lililo nyuma yake likasimama. Tukaingia kwenye lami.

Askari akatoka chini ya mwavuli wake na mkono umeinuliwa. Tukasimama katikati.

“Mwalimu, nwie radhi,” akaniambia, na macho yake yalikuwa mekundu, maana taarifa ya msiba ilimfika kama ilivyotufika sisi. “Nimeagizwa nihakikishe. Na huyu bibi ndiye waliyemtaja.”

Shehe alimuuliza kama anataka kufunua sanda ya mwanamke mbele ya wanaume. Kijana akasema hapana, haiwezekani, naye ni Mwislamu, anajua. Lakini kutuachia bila kuhakikisha naye haiwezekani. Akatoa simu ampigie mkubwa wake. Mtandao ukakataa. Akasogea hatua chache, akainua simu juu, akazunguka nayo, na mkono wake mwingine ukabaki umeinuliwa kutuzuia.

Dereva wa lori la kwanza, aliyekuwa ameshaweka mkono kifuani, akamtazama askari, akatutazama sisi. Aliona sare. Aliona mkono wa serikali umetusimamisha sisi, na akaelewa, kama ambavyo mtu yeyote angeelewa, kwamba njia ni yake. Akatia gia. Alipita polepole, kwa heshima, akitukwepa. La pili likapita kwa haraka kidogo. Baada ya hapo hayakuhesabika, yakaja pande zote mbili, na upepo wake ukawa unainua kitambaa cha jeneza, seremala akikishikilia kwa mkono wake ili kisifunuke.

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na bega langu lilikuwa na kazi. Shehe akatuashiria. Tukarudi nyuma kidogo kidogo, shangazi yangu begani, mpaka tukatoka kwenye lami, tukasimama ukingoni pale alipozoea kusimama na mkongojo, tukayapisha magari.